Mwongozo kamili: jinsi ya kupima susafoni ya zamani ya Marekani kabla hujatuma hela

Swali linalorudi ni lilelile kila siku: nitajuaje saizi ya kweli ya susafoni, yani lile tarumbeta kubwa la besi unalolivaa mwilini? Mtu ameona ya zamani mtandaoni, ya kiwanda cha Conn au King au York, muuzaji ameandika "inchi 26" na picha tatu za giza, basi jamaa anatuma hela akijua amepata kubwa. Mzigo ukifika anakuta ni ya E flat wakati bendi yake inapiga B flat, au haimpiti kifuani, au mausipisi (kile kipande cha kupulizia) inacheza kama jino bovu.

Niseme mapema ili ujue tunaelekea wapi: inchi za kwenye tangazo ni upana wa beli tu, ule mdomo mkubwa unaotazama watu. Beli siyo saizi ya susafoni. Saizi yake ni vitu vinne au vitano vinavyokaa pamoja, na hivyo vyote unaweza kuvipima wewe mwenyewe au kumwomba muuzaji avipime, hata kama yeye hajawahi kupuliza kitu maishani mwake.

## Vitu vya kuandaa

- Tepu laini ya fundi cherehani, siyo ile ya chuma ya fundi seremala
- Kalipa ya kidijitali inayosoma milimita, hata ile ya bei rahisi inatosha
- Uzi usiovutika, kama mita moja na nusu
- Mizani ya bafuni
- Tochi, na kitambaa kisafi cha pamba
- Mafuta ya valvu (zile za kubonyeza kwa vidole), na mafuta ya kupenya kutu kwa slaidi, yani vipande vya bomba vya kuvuta, zilizoganda (haya yasiingie kwenye pistoni, ile nguzo inayopanda na kushuka ndani ya valvu)
- Simu yenye app ya kutyuni inayoonyesha hezi
- Mausipisi ya tuba unayoijua vizuri, ile unayoitumia kila siku
- Kalamu na karatasi, maana ukipima bila kuandika utapima mara mbili

Kama chombo kiko Marekani na wewe uko Dar au Mombasa, mtafute mtu wako kule aende na hii orodha. Muuzaji akikataa kupima hata kipimo kimoja, mi ningeachana naye.

## Hatua ya 1: Soma maandishi, ila usiyaamini yote

Angalia mchoro ulionakshiwa kwenye beli, alafu nenda kwenye valvu utafute namba ya usajili. Conn nyingi za zamani zimeandikwa Elkhart, Indiana. King zilitoka kampuni ya H.N. White ya Cleveland, Ohio, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 kiwanda kikahamia Eastlake, kwahiyo ukiona Eastlake jua hiyo ni ya baadaye. York ni Grand Rapids, Michigan. Holton ni Elkhorn, Wisconsin, au Chicago kwa zile za zamani zaidi. Martin na Buescher nao ni watu wa Elkhart.

Kwa Conn kuna msaada mmoja mzuri: jina la modeli likiishia na K ni susafoni, likiishia na J ni tuba ya kukaa. 14K na 20K ndo utakazokutana nazo sana, na 36K ni ile ya faibaglasi.

Onyo: beli inatoka. Imeshikwa na skrubu za kuzungusha kwa vidole, na bendi za shule kule Marekani zimekuwa zikihamisha beli kutoka mwili mmoja kwenda mwingine kwa miaka na miaka. Kwahiyo nakshi ya beli inakwambia beli ilitoka wapi, mwili unaweza kuwa na historia yake nyingine kabisa. Jina la kwenye beli linganisha na umbo la valvu na rangi ya mwili.

Onyo la pili ni yale majina ya kishindo. Monster, Mammoth, Jumbo, hayo yalikuwa maneno ya kuuzia, kila kiwanda kilijipimia chenyewe. Monster ya kiwanda hiki inaweza kuwa ya kawaida tu ukiiweka pembeni ya ya kiwanda kile.

Umefaulu kama: una jina la kiwanda, mji, namba ya usajili, na umeshajua kama beli na mwili ni ndugu au ni mashemeji.

## Hatua ya 2: Pima beli, alafu isahau

Pitisha tepu kutoka ukingo hadi ukingo ikipita katikati kabisa. Pima mara mbili kwa mwelekeo tofauti, sababu beli iliyoanguka inakuwa na umbo la yai. Za kawaida ni inchi 22 (kama sm 56), 24 (sm 61), 26 (sm 66), na chache za inchi 28 (sm 71).

Angalia ukingo wenyewe. Kuna beli zilizochanika, fundi akakata pembeni na kukunja ukingo upya, basi inchi 26 ikawa 25 na kidogo. Siyo kosa la jinai lakini bei ishuke.

Na kama beli inatazama mbinguni badala ya kutazama mbele, hiyo ni aina ya zamani zaidi. Ni nzuri kwa maonyesho, ila usidhani utaitoa uweke beli ya mbele ya chombo kingine kirahisi, kola zake, yani pale beli inapoungana na mwili, mara nyingi hazilingani. Ndiyo maana kipimo cha maana hapa ni kola: tia kalipa au tepu pale mwili unapoingia kwenye beli, andika kipenyo kwa milimita. Ukija kuhitaji beli nyingine siku moja, hiyo namba ndo itakuokoa.

Umefaulu kama: una vipimo viwili vya beli vinavyokaribiana na kimoja cha kola.

## Hatua ya 3: Kipenyo cha ndani, hapa ndo kwenye kazi

Hiki ndo kipimo kinachotenganisha susafoni na susafoni. Wamarekani wanakiandika kwa sehemu za inchi. Conn 14K na 20K zote mbili ni inchi 0.734, yani mm 18.6. King 1250 ya zamani na 2350 iliyokuja baadaye ni inchi 0.687, yani mm 17.4 na kitu. Tofauti ni milimita moja na nukta kadhaa, kwenye rula huioni, lakini ukipuliza unaijua mara moja: Conn inakula pumzi nyingi na sauti inatanda, King inakushika kidogo, noti inakuja imebana na kila mtu anaisikia inapoanzia. Zote mbili zinakuja na beli ya inchi 26! Sasa unaona kwanini beli haikwambii kitu.

Jinsi ya kupima:

1. Tafuta slaidi ya valvu ya pili, ile fupi kuliko zote.
2. Bonyeza valvu ya pili huku unavuta slaidi. Usipobonyeza, hewa ya ndani inavuta kinyume na wewe, na unachakaza bomba na valvu bure.
3. Futa mafuta ya zamani kwenye ncha.
4. Weka meno ya ndani ya kalipa kwenye ncha ya bomba lililotoka, yani lile linaloingia ndani ya jingine. Pima upana wa ndani.
5. Zungusha kalipa robo duara, pima tena, alafu pima na mguu wa pili wa slaidi. Chukua ile namba inayojirudia.

Kwanini mara nyingi hivyo? Kwa sababu ncha za slaidi ndizo zinazogongwa na kubonyea, ukipima sehemu moja tu unaweza kuipunguzia susafoni nusu milimita na ukaipa jina la watu wengine.

Slaidi ikiwa imeganda, USIVUTE KWA PLAIZI. Nasema tena, hapana. Shaba ya zamani ni nyembamba na lehemu imechoka, utabaki na kipande mkononi na valvu imepinda. Tia matone ya mafuta ya kupenya kutu kwenye kiungo, acha ilale, kesho yake pitisha kitambaa kwenye kitanzi cha slaidi uvute kwa mitutuko midogo ya moja kwa moja. Ikigoma, mwachie fundi, na muuzaji umwambie slaidi imeganda ili mzungumze bei.

Ukishapima, angalia valvu zenyewe. 14K na 20K ukubwa ni uleule lakini 20K ina pistoni nene zenye mwendo mfupi, ndo maana wanaopiga mistari ya haraka wanaitaka. Mabendi ya banda (muziki wa Kimexico wa vyombo vya kupuliza) kule Los Angeles yanazipenda hizi Conn za zamani kupita maelezo, ikafika mahali karibu mwaka 2011 na 2012 shule za huko zilikuwa zinavunjiwa vyumba vya muziki usiku, wezi wanabeba tuba na susafoni. Kwahiyo ukiona 20K kwa bei ya kutupwa na muuzaji hataki kukutumia picha ya namba ya usajili, jiulize.

Umefaulu kama: vipimo vyako vinapishana kwa sehemu ndogo ya milimita tu, na unaweza kusema iko upande wa King au upande wa Conn au katikati.

## Hatua ya 4: Ni B flat au E flat?

Hapa ndo watu wanalia. Susafoni ya B flat ina bomba lenye urefu wa kama futi 18, mita 5 na nusu. Ya E flat ni kama futi 13, mita 4. Ukiitazama kwenye picha bila mtu pembeni huwezi kuzitofautisha, hasa E flat za zamani zilizowekewa beli kubwa. E flat siyo mbovu, ila kama bendi yako yote imezoea vidole vya B flat, mpigaji wako ataanza darasa la kwanza upya. Na hamna kiungio cha kuongeza kikaigeuza.

Kama kuna mtu anayeweza kupuliza: asibonyeze valvu yoyote, apige noti zinazotoka zenyewe kutoka chini kwenda juu, app ikisoma hezi. B flat itatoa takriban 58, 87, 117, 147, 175. E flat itatoa 78, 117, 156, 196. Angalia mtego: 117 ipo kwenye zote mbili! Ukipiga noti moja tu ikasoma B flat ukashangilia umeshaliwa. Angalia jirani zake. Kama juu ya 117 inafuata 147, ni B flat. Ikifuata 156 ni E flat. Na usijali app ikigoma kusoma ile 58, maiki za simu nyingi haziisikii vizuri sauti ya chini hivyo, tumia za juu.

Kama hamna mpigaji, tumia uzi. Fuatisha bomba la valvu ya kwanza, kuanzia linapotoka kwenye valvu, zungukia slaidi, mpaka linaporudi kwenye valvu, slaidi ikiwa imeingizwa yote. Kwa B flat utapata karibu sm 67, kwa E flat karibu sm 49. Uzi wako unaweza kukosea sentimita mbili tatu, lakini haiwezekani ukakosea kumi na nane.

Jambo lingine la kuangalia kwenye zilizotengenezwa zamani sana, kabla ya miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka hiyo: nyingine zilitengenezwa kwa tyuni ya juu, A ikiwa kama 452 hadi 457 badala ya 440. Tafuta herufi H au HP (tyuni ya juu), L au LP (tyuni ya chini) karibu na valvu. Ikiwa ni ya juu, iko juu kwa karibu nusu ya semitoni au zaidi, na kuishusha kwenye susafoni ya B flat unahitaji kama sm 15 hadi 20 za bomba la ziada, na slaidi za valvu nazo zivutwe. Kuna watu wamefanya. Mi nisingenunua.

Ukipima tyuni hakikisha chombo kimepulizwa kidogo kikapata joto, chuma baridi kinashuka.

Umefaulu kama: una noti tatu zinazofuatana zinazoonyesha familia moja, au uzi wenye jibu lisilo na ubishi.

## Hatua ya 5: Je, inakuingia?

Susafoni unaivaa, kwahiyo ni kama nguo. Simamisha chombo, pima ndani ya duara kubwa unamopitisha mwili: kutoka pale panapokaa begani hadi upande wa chini unaogusa nyonga ya pili. Alafu pima upana wa pili, unaokata huo. Andika vyote viwili.

Sasa jipime mwenyewe. Mtu akushikie tepu kutoka juu ya bega la kushoto kushuka mshazari hadi nyonga ya kulia, ukiwa umevaa yunifomu ya bendi, koti na mkanda, siyo fulana. Duara likiwa dogo kuliko hapo linakuchimba mbavu, likiwa kubwa mno chombo kinashuka na mausipisi inakukuta kidevuni. Kwa kijana wa kidato cha kwanza hii ndo sababu kubwa ya kuacha kupiga.

Unene wa mwili: zungusha tepu kwenye bomba pale linapokaribia kola ya beli, gawanya kwa 3.14. Ukipata mzunguko wa sm 47, kipenyo ni kama sm 15. Mbili zenye kipenyo cha ndani kimoja kwenye valvu zinaweza kuwa na miili tofauti kabisa huku mwisho, na ile iliyonenepa mapema ndo inayotikisa ukumbi.

Uzito: panda kwenye mizani umevaa susafoni, alafu bila, toa. Ya shaba ya B flat mara nyingi inacheza kilo 13 hadi 16, kubwa zaidi inapita hapo. Faibaglasi inakuwa nyepesi kwa kilo kadhaa. Kwa maandamano ya harusi ya saa tatu juani, kuanzia kanisani hadi ukumbini na gari inaenda mwendo wa konokono, mi naona hata King ya shaba inatosha, hiyo Conn kubwa iache ipige kwaya ya tarumbeta umekaa.

Umefaulu kama: namba za duara zinazidi kipimo chako cha mshazari kwa nafasi ya vidole kadhaa, na uzito unaubeba nusu saa bila kuinamia upande.

## Hatua ya 6: Shingo, biti na mausipisi

Kati ya mausipisi na mwili kuna shingo iliyopinda na vipande viwili vifupi, biti. Hivi ndo vinavyopotea kwanza. Muuzaji akisema "iko kamili" mwambie avilaze mezani avipige picha vyote: shingo, biti ya kwanza, biti ya pili.

Vya Conn na vya King ni saizi tofauti, ila za hizo mbili vipya vinapatikana madukani. Ya York au Martin ikikosa shingo utatafuta fundi wa kuchonga. Pima kwa kalipa sehemu inayoingia na inayopokea, kila kiungo. Ikicheza, hewa inavuja na noti za chini hazishiki.

Mausipisi nayo ina unene wake kwenye mkia. Ya Kimarekani ncha yake ni kama mm 13.2, ya Ulaya ni kama mm 14. Vikundi vingi vya makanisa vina vyombo na mausipisi kutoka Ujerumani, kwahiyo hii inawagusa. Mkia mnene hauingii vya kutosha, unabaki nje, na tyuni inahangaika juu chini. Ingiza, weka alama ya penseli, toa uone. Sentimita mbili na nusu hivi ni sawa. Sentimita moja, nunua mausipisi nyingine, wala usimruhusu mtu akupanulie biti kwa msasa.

Umefaulu kama: mausipisi imekaa bila kutikisika, na biti zikizungushwa zinakwenda kwa ugumu kidogo na kubaki ulipoziacha.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya mzigo kabla ya bei

Kwa ndege hulipii kilo za mizani tu. Hesabu ya kawaida ya kago ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Boksi la sm 100 kwa 75 kwa 60 linakuwa kilo 75, hata kama ndani kuna kilo 12 za shaba. Kampuni za haraka zinagawanya kwa 5000, inakuwa kilo 90. Watu wengi wanagundua hili wakiwa wameshalipa.

Ndiyo maana beli inatolewa na kufungwa boksi lake, na mwili unapimwa bila beli kabla ya kuomba bei ya usafiri. Kwa meli ni nafuu zaidi lakini subira iwepo, na ndani ya boksi weka kitu cha kunyonya unyevu.

Mwambie anayefunga atoe pistoni? Hapana, ziache ndani zikiwa na mafuta, ila vifuniko vikazwe na kila slaidi isukumwe ndani yote ifungwe kwa tepu ya karatasi. Taulo liingie kwenye duara la kati, maboksi yasikandamize bomba. Shingo, biti na skrubu za beli viwe kwenye mfuko wake, ufungwe kwa kamba kwenye mwili, siyo kutupwa ndani ya beli, maana hapo vitagonga njia nzima mpaka bandarini na utapokea beli ya inchi 26 yenye mabonde ambayo haikuwa nayo kwenye picha.